Mbuzi na Nyundo za Guoliang: Barua kwa Jamaa wa Handeni na Korogwe

Neno handaki, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilimaanisha kwanza shimo refu la kujikingia vitani, na kwa miaka mingi msomaji wa Handeni au Korogwe hakulihitaji kwa jambo jingine; reli ya kisasa ilipoanza kupenya milima ya Kilosa ndipo lilipozoeleka pia kuwa jina la njia ipitayo tumboni mwa mlima. Barua hii, inayotumwa kutoka jimbo la Henan nchini China, inahusu handaki la aina ya pili, ijapokuwa mtoto wa Handeni anayesoma huko, alipolifikia, alijikunyata ndani yake kana kwamba lilikuwa la aina ya kwanza.

Guoliang ni kijiji kilichokaa juu ya genge, yaani ukuta wa mwamba ulioshuka wima, katika milima ya Taihang, upande wa mji wa Huixian. Jina lake, kwa simulizi za wenyeji, ni la mwasi mmoja wa zama za utawala wa Han aliyekimbilia huko na kuzingirwa na jeshi, na laiti kijiji hicho kingekuwa Korogwe kingeitwa Kwaguoliang na kuorodheshwa pamoja na Kwamndolwa na Kwashemshi bila mtu kushangaa. Inasimuliwa kwamba mwasi huyo, mambo yalipomwia magumu, aliwafunga mbuzi miguu ya nyuma akawaning'iniza juu ya ngoma, wakawa kila wanapofurukuta wanazipiga kwa kwato za mbele, na maadui bondeni wakasikiliza ngoma wakiamini jeshi lipo macho, ilhali mwenyewe amekwisha kutoroka. Mzee yeyote wa Kizigua ataona papo hapo kasoro ya simulizi hii, kwamba watu waliozingirwa waliwezaje kuwaacha mbuzi wazima wapige ngoma badala ya kuwala, lakini hoja hiyo huko haijadiliwi.

Mbuzi wanarudi katika historia ya kijiji mwaka 1972, na safari hii kwa ushahidi ulio imara zaidi. Hadi mwaka huo njia ya kutokea kijijini ilikuwa ngazi ya mawe yenye vidato 720, na mgonjwa, gunia la chumvi na bibi harusi wote walipaswa kupita hapo. Wanakijiji, wakiongozwa na Shen Mingxin, katibu wa chama wa kijiji, cheo ambacho msomaji aliyeziona enzi za TANU hahitaji kufafanuliwa, waliuza mbuzi wao na mitishamba, wakanunua nyundo na vyuma, na watu 13 wakaanza kuupiga mlima. Walitumia nyundo, tindo, yaani patasi ya chuma ya kuchongea mawe, na baruti. Na ubavuni, upande wa korongo, waliacha matundu makubwa ya kuingizia mwanga na ya kusukumia nje kifusi, ambayo ndiyo yamebaki kuwa madirisha ya handaki hadi leo. Pale jiwe lilipokuwa gumu zaidi, siku tatu zilizaa mita moja. Baadhi yao walifia kazini. Tarehe 1 Mei 1977, Sikukuu ya Wafanyakazi, barabara ilifunguliwa: urefu wake yapata mita 1,200, kimo mita 5, upana mita 4, na madirisha zaidi ya 30 yasiyo na kioo, nondo wala pazia. Wachina huziita njia za namna hii barabara zilizotundikwa ukutani, kama inavyotundikwa kalenda ya duka.

Miaka hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kati ya 1970 na 1975 serikali ya China ilikuwa ikishirikiana na Tanzania na Zambia kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ngwe yake ngumu kuliko zote ilikuwa kutoboa milima kati ya Mlimba na Makambako. Kwa maneno mengine, wakati mafundi wa China wakichimba mahandaki Tanzania, kijiji chao kimoja kilikuwa kikiuza mbuzi kununua nyundo. Wasomi huliita jambo hilo mshikamano wa mataifa. Mbuzi wa Guoliang, kama wangeulizwa, pengine wangelitafutia jina jingine.

Kuhusu safari yenyewe, inatosha kueleza kwamba basi dogo liliingia mlimani likipiga honi, abiria wengine wakatoa simu za kupigia picha, naye mtoto wa Handeni akatoa dua zote alizofundishwa madrasa ya Chanika, akiyahesabu madirisha kwa mwanga uliopenya kope alizokuwa amezifumba, na hesabu ikamfia kwenye 19. Picha aliyoipiga baada ya kushuka ilitumwa kwa jamaa, na shangazi wa Manundu akajibu kwa kuuliza Soni amepanda lini na peasi ziko wapi.

Shangazi hakukosea sana. Barabara ipandayo kutoka Mombo, wilayani Korogwe, kupitia Soni hadi Lushoto nayo imechongwa ubavuni mwa mlima, huku mto ukiunguruma korongoni, na abiria wa dirishani huona vilele vya miti chini ya miguu yake. Tofauti ni ya mkono ulioshika nyundo. Katika Usambara ya Wajerumani, kuanzia 1907, mwenyeji alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na siku hizo zikawekwa alama kwenye kadi. Ambaye kadi yake haikujaa aliweza kuswagwa kwenye kazi za umma. Hata neno kibarua, ambalo maana yake ya awali ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa, limebaki kumaanisha kazi isiyo na heshima kubwa. Watu wa Guoliang walipiga jiwe bila kadi, na mbuzi waliouzwa walikuwa mali yao wenyewe.

Leo kijiji kinaishi kwa wageni: wanafunzi wa uchoraji hupanga kwenye nyumba za mawe wakilichora genge, na mtalii hulipa kiingilio kabla ya kupanda.

Habari zimefika Henan kwamba wajomba wa Handeni, baada ya kuiona picha, wamekaa kikao na kuazimia kuuza mbuzi wanne ili wanunue nyundo, wakiamini kwamba handaki likiwepo wageni watafuata. Wajomba wanakumbushwa kwa heshima zote kwamba barabara ya Handeni hadi Korogwe, kilomita 65, imekwisha kuwekwa lami bila kutoboa mlima wowote, na kwamba mmoja wa mbuzi hao, yule beberu mweusi mwenye pembe moja, aliahidiwa kwa ajili ya mapokezi ya mtoto aliyeko Henan, mwezi Julai. Asiuzwe.