Sifa za Mlimbikizaji wa Dimbwini

Shuleni tulichorewa mitokondria kama punje ya haragwe yenye kiduara ndani. Hiyo ndiyo DNA yake, tukaambiwa: fupi, nadhifu, haina ncha. Tukanakili.

Leo naomba kigelegele kwa ajili ya mtu asiyeijua picha hiyo. Anaitwa Tetrahymena pyriformis, kiumbe wa seli moja mwenye vijinywele mwili mzima, anayeogelea kwenye maji ambayo wewe huyaruka ukiwa umeshika viatu mkononi. Ukoo wake umeshasifiwa kwa mengine. Nobel ya 2009 ilitokana na ncha za kromosomu zilizochunguzwa humo. Mimi nasifu kisichopigiwa makofi: DNA ya mitokondria zake.

Kwanza, imekataa kuwa duara. Ni uzi ulionyooka, na kila ncha ina kineno cha herufi 31 kinachorudiwa na kurudiwa, kama fundi aliyeshona pindo akasahau kukata uzi.

Pili, ni bahili. Mitokondria zilikuwa bakteria huru, na tangu zihamie ndani ya seli za wengine zimekuwa zikigawa jeni zao kwa kiini cha seli. Zetu sisi binadamu zimebaki na herufi 16,569 na jeni 37, maisha ya mpangaji wa chumba kimoja. Mzee wetu wa dimbwini ana herufi 47,172, ukiacha hayo mapindo. Iliposomwa yote mwaka 2000, zilionekana jeni 21 za protini zinazofahamika, na nyingine 22 zisizojulikana ni za nini. Makabati 22 yamefungwa, funguo hazipo! Watafiti wakayabandika herufi ymf na namba, kama mizigo iliyosahauliwa stendi.

Ungedhani nyumba yenye makabati yote hayo haikosi chumvi. Thubutu! Kuunda protini kunahitaji wachukuzi, zile RNA ndogo zinazoleta asidi amino moja moja. Sisi wa chumba kimoja tuna jeni 22 za wachukuzi, na zinatutosha. Yeye ana nane, za wachukuzi wa aina saba tu. Waliobaki anawaazima nje, kila siku, bila haya. Binamu yake Paramecium ana watatu. Hiyo ndiyo jeuri ninayoivulia kofia: kujaza nyumba vitu visivyojulikana, kisha kubisha hodi kwa jirani na kikombe mkononi.

Hata anavyovimiliki vimekatika. Jeni ya nad1, kwingine kitu kimoja, kwake ni vipande viwili, kimoja kinasomwa kuelekea huku na kingine kule. RNA za ribosomu nazo ni vipande. Hakuna anayeviunganisha, na mashine inawaka. Fundi pikipiki wa mtaani kwetu angelielewa hili kabla ya profesa.

Na makabati? Mwaka 2010 ilibainika kwamba ymf66 ni sehemu ya mashine inayounda ATP, nishati ya seli, sehemu ambayo bila yake protoni hazipiti na mashine haizunguki. Ilikuwa imetafutwa ikakosekana, kumbe imo ndani muda wote, imebadilika sura hadi ndugu zake hawakuitambua. Mwaka 2022, picha za hadubini ya elektroni zikafungua mengine. Tulimwita mlimbikizaji wa takataka, naye alikuwa ametunza vyombo vya kazi.

Tabia hii ya kutotupa kitu ni ya ukoo. Ndugu yake wa mbali, Nyctotherus ovalis, anaishi kwenye utumbo wa mende, pasipo oksijeni. Mitokondria zake zimegeuka kutoa hidrojeni, na vijidudu vya methani vimejipanga pembeni vikiisubiri. Wengi waliofika hatua hiyo walitupa DNA yote ya mitokondria. Yeye kabaki nayo.

Jana usiku nilimkuta mende mmoja mwekundu nyuma ya mtungi wa gesi. Nilikuwa na hotuba hii kichwani na kandambili mkononi. Kandambili ikatangulia, na mgeni wake sikupata hata kumwomba radhi.