Heko kwa Ugomvi wa Mirathi

Watu wa Ilemba, kijiji cha bondeni Ufipa, wana desturi ya kuusema vibaya ugomvi wa mirathi. Kabla matanga hayajaanuliwa, watoto wa bi mkubwa wameshahesabu ng'ombe, watoto wa bi mdogo wameshapima shamba la mpunga kwa hatua, na shangazi mmoja amekumbuka kwamba marehemu aliwahi kumwahidi kitu, wakiwa wawili tu, hakuna shahidi. Mtendaji wa kijiji hunung'unika. Mimi nauombea ugomvi huu heshima, maana sijaona mwingine aliyeitumikia Ufipa, bondeni na milimani, kwa muda mrefu hivyo bila mshahara wala likizo.

Ushahidi uko Mapupo. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walipanda Ufipa wakitokea kusini. Walikuwa wameuvuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa mchana, na tangu hapo hawakukutana na jeshi la kuwasimamisha. Mkuki haukuwaweza, ukuta wa miti haukuwaweza, na upole wa Mfipa, ambao ni maarufu, uliwafaa zaidi wao kuliko Wafipa wenyewe. Kisha Zwangendaba akafia Mapupo, na siku ileile utumishi wa umma ukaanza kazi.

Alikuwa na wake wengi na nyumba nyingi, na swali lilikuwa jepesi: nyumba ipi ndiyo kubwa? Simulizi moja ya Wangoni inasema mambo yaliharibika zamani, unywele ulipokutwa katika pombe iliyotoka nyumba ya mke mkuu. Mzee akanusa uchawi, nyumba ile ikaanguka daraja. Unywele mmoja! Wapo wanaodhani historia huendeshwa na bei ya pembe za ndovu. Basi mwanawe Mpezeni akawa na watu wake, mwanawe mwingine Mbelwa na wake, na Ntabeni, ndugu wa marehemu, akashika usukani kwa muda, kama ashikavyo baba mdogo yeyote, yaani kwa kutoaminiwa na pande zote.

Jeshi ambalo hakuna aliyelishinda likajigawa lenyewe. Watu wa Mpezeni wakaishia mashariki ya Zambia ya leo, wa Mbelwa wakaishia Mzimba, Malawi. Kundi la Tuta likashika njia ya kaskazini kwenda Unyamwezi, na kundi jingine, Wagwangara, likaenda Songea. Ufipa ikapumua bila kurusha mshale. Ni kweli kwamba Wanyamwezi na wenyeji wa Ruvuma hawakufurahia mgawo huo, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mirathi hugawanywa kwa kumpendeza jirani.

Wasomi hupenda kutuonyesha Wanormani wa Ulaya kana kwamba wao ndio mabingwa. Nakubali walijitahidi. Robert Guiscard, bwana vita wa Italia ya kusini, alikaa na mkewe Alberada mpaka alipohitaji urafiki wa watawala wa Salerno. Mwaka 1058 akagundua, kwa mshtuko mkubwa bila shaka, kwamba yeye na mkewe ni ndugu wa damu. Akamwacha, akamwoa Sichelgaita wa Salerno. Alipofariki mwaka 1085, urithi ukaenda kwa mtoto wa Sichelgaita, na Bohemond, kifungua mimba wa Alberada, akakosa kiti. Huyo naye akafanya kama wale wa kundi la Tuta: akaenda kusumbua watu wa mbali, akajipatia Antiokia mwaka 1098. Henry wa Kwanza wa Uingereza alikuwa na watoto wa nje zaidi ya 20, lakini wa kiume wa ndani ya ndoa alikuwa mmoja tu, naye akazama na merikebu mwaka 1120. Wakubwa wakala kiapo kwa binti yake Matilda. Mfalme alipofariki mwaka 1135, mpwa wake Stephen akawahi kiti, na nchi ikatwangana karibu miaka 20. Hao wote hawakuwa na kikao cha ukoo chenye katibu.

Mahali pasipo na ugomvi, angalia kilichotokea. Wafipa husimulia kwamba mtawala wa kale wa Milansi alikuwa porini akiwinda, wakafika wanawake wageni watatu. Hapakuwa na kaka wa kupinga, wala mke wa pili wa kupiga kelele. Mwenyeji aliporudi, kiti kilishakaliwa. Wanawake hao ndio chimbuko la Watwa waliotawala Ufipa (wa kifalme hawa, usiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo), na Milansi ikabakiwa na kijiji na heshima. Watwa walijifunza: uzao wao ukagawanyika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, ukagombana ipasavyo.

Serikali nayo imechangia. Mwaka 1963 ilifuta utawala wa machifu, na mwaka huohuo ikachapisha sheria ya mila iliyompa fungu la kwanza mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, na kuwaweka mabinti daraja la tatu. Kiti kiliondolewa, foleni ya kukigombea ikabaki. Leo ukitaka usimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, mara nyingi unadaiwa muhtasari wa kikao cha ukoo, na muhtasari ndio unaomrudisha ndugu wa Mbeya ambaye hakuonekana hata baba yake alipolazwa. Anakuja na shemeji yake, anakuja na maoni. Mwenye genge la chai anauza, mpiga chapa anauza, bodaboda wa kwenda Sumbawanga anauza.

Napendekeza kibao Mapupo, kidogo tu, cha kuushukuru ugomvi. Uzinduzi ungewaita Mpezeni wa Zambia na M'mbelwa wa Malawi, maana vyeo hivyo vipo hadi leo. Kamati ya maandalizi imekwama kwenye kipengele kimoja: nani kati yao akae kiti cha mbele. Wajumbe wamegawanyika mara mbili, na kundi moja limeshaomba hesabu ya michango yake irudishwe.