Figo Zimetuhamisha Mezani

Mzazi mwenzangu mwenye mtahiniwa wa Kidato cha Nne, wewe huhitaji kuhadithiwa sana. Nyumba ikishakuwa na mtahiniwa haina tena baba. Kwangu taarabu ya mke wangu, Mama Zuhura, inapigwa kwa kunong'ona, televisheni imefunikwa kitambaa, na mapacha wetu, Kulwa na Doto, ambao tunawaita Kamati ya Fujo, wanashinda uani.

Juu ya hayo tuna Mtabiri. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana mkarimu asiyekuja mikono mitupu. Wenzake wakileta maembe, yeye analeta karatasi za maswali yatakayotoka. Anayaokota kwenye makundi ya simu, anayachapisha stesheneri kwa hela yake, kisha anajimwaga kwenye kochi na kutoa hoja: jenetiki haijatoka siku nyingi, basi mwaka huu lazima, figo zimetoka juzijuzi, zirukwe. Mama Zuhura anamwamini nduguye huyu kuliko watu wa hali ya hewa. Mama yangu mzazi, tunayemwita Spika kwa kuwa neno lake hufunga mjadala, alimwuliza, "Mwanangu, hao watunga mtihani wamekwambia wewe?" Shemeji akaomba chai.

Zuhura, mtahiniwa wetu, akakariri jenetiki, akakariri mpaka Doto akawa anasuuza vikombe huku akitaja jeni na kromosomu. Kisha ikaja moko ya shule, na swali la baiolojia likataka mchoro wa figo. Karatasi iliporudishwa niliishika mwenyewe: umbo la figo limechorwa vizuri kabisa kwa penseli iliyochongwa, mishale ya kuelekeza sehemu imenyooka kwa rula, na mbele ya kila mshale hakuna neno hata moja. Mtoto aliyechora mistari ile si mvivu. Alielekezwa airuke mada, akairuka.

Shemeji akadai hiyo ni moko tu, ya taifa itamtendea haki. Mwalimu wa Zuhura alinieleza vingine. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa fomati ya kila somo hadharani, hakuna siri. Sehemu ile ya kuchagua jibu na kuoanisha huokota mada huku na huko, hata zile za Kidato cha Kwanza ambazo daftari lake limeshafungiwa karanga. Hapo mtabiri hana pa kushika. Baraza hutoa pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, uonekane wapi wengi walikwama na kwa nini. Pepa za nyuma nazo zina kazi yake: kumpima mtoto alichokwisha kusoma na kumzoesha muda. Kazi ya kumchagulia cha kusoma ni ya muhtasari, na muhtasari husomwa wote.

Basi muhtasari ukatandazwa kwenye meza ya chakula, na sisi tukahamia mkekani. Sikuulizwa. Mama Zuhura alichora ratiba nyuma ya kalenda ya zamani, mada ngumu zikitangulia. Shemeji akapewa pepa za nyuma na kazi ya kuuliza maswali, na kusema kweli anaifanya kwa moyo. Sheria ni moja: mada haipigwi alama ya vema mpaka Zuhura amweleze Spika bila kushika daftari.

Spika hakusomea baiolojia, ila anajua kuuliza. "Hiyo figo inaharibiwa na nini?" Zuhura akarudi kitabuni na kwa mwalimu wake, akaja na jibu: presha ya muda mrefu huziumiza figo. Bibi ana presha. Kuanzia jioni ile kopo la chumvi linakaa chumbani kwa Zuhura, na nyumba nzima tunakula mchicha uliopooza.

Nauvumilia mchicha huo kwa furaha, maana mada iliyokuwa irukwe sasa inamlinda mama yangu. Mzazi mwenzangu, mtabiri akibisha hodi mpe chai, na karatasi zake ziishie mlangoni. Mtoto asome vyote. Hajui ni kipi atakihitaji, kwenye mtihani wala nyumbani. Sasa wameingia mmeng'enyo wa chakula, na Spika ameshaanza kuulizia chapati zangu za usiku.