Shemeji na Silinda ya Tatu

Picha ilipoingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, Mbagala palikuwa kimya kwa dakika nzima. Kisha mama mkwe akaandika: "Limekatwa?"

Alikuwa anaulizia viti vya nyuma. Havipo, na havijawahi kuwapo. Shemeji, mhasibu wa watu aliyesindikizwa uwanja wa ndege na Coaster nzima ya ndugu alipohamia Uingereza, amenunua MGB ya mwaka 1973: gari la spoti la watu wawili, la kijani, lenye paa la turubai. Ndugu walikuwa wakisubiri Range Rover. MGB kama hiyo ikiletwa Dar es Salaam, watu wa mapato, TRA, wataipiga ushuru wa uchakavu. Kenya ndiyo kabisa, gari la kawaida lililozidi miaka 8 haliingizwi. Uingereza gari likishapita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana halidaiwi hata ule ukaguzi wa kila mwaka. Uzeeni linaheshimika kuliko wazee wengine.

Tena kalinunulia Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, palepale magari hayo yalipoundwa kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Yalitoka zaidi ya 500,000. Kuendesha MGB Abingdon ni kama kupita na mlango wa nakshi mabegani Mji Mkongwe, Zanzibar: kila mzee atakusimamisha aukague.

Mwezi wa tatu injini ikaanza kumisi. Kwenye mlima inachoka, kwenye taa za barabarani inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Gereji moja ikamtajia gharama za kulitengeneza. Shemeji akaomba warudie, maana alidhani wametaja namba ya simu.

Jioni hiyo akampigia simu fundi wake wa zamani wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyekuwa akimhudumia Corolla yake miaka yote.

"Gari la mwaka gani, bosi?"

"Sabini na tatu."

Upande wa pili ukatulia. "Bosi, huko Ulaya mambo yamekuwa magumu kiasi hicho?"

Alipomaliza kucheka, fundi alitoa agizo moja tu: usifungue kitu, pima kompresheni kwanza. Agizo hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lingeokoa injini nyingi zinazofumuliwa kila siku kwa kubahatisha. Shemeji akanunua geji. Akaipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akachomoa waya wa koili ili moto usipigwe, akakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata. Silinda ya kwanza: paundi 165 kwa inchi ya mraba. Ya pili: 160. Ya nne: 165. Ya tatu iligota 90, na hata alipoirudia mara mbili, kama mtu anayeangalia tena salio la benki, ilibaki 90.

Sasa hewa inatorokea wapi? Akamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi ya silinda ya tatu, akapima upya. Kama ringi za pistoni ndizo zimekwisha, oili huziba nafasi kwa muda na geji hupanda. Ikapanda hadi 95, basi. Ringi zikaachiwa huru. Gasketi nayo ilikuwa na utetezi: ikipasuka kati ya silinda mbili, kwa kawaida zote mbili huanguka, na hapa jirani zake walikuwa wazima. Ikabaki valvu.

Ipi? Akaazima kompresa ndogo, akaipandisha pistoni ya tatu juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kubana hewa, mahali ambapo valvu zote mbili hutakiwa kuwa zimefungwa, akasukuma hewa ndani. Hewa ikisikika kwenye kabureta, inavuja valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Shemeji akapiga magoti nyuma ya gari, sikio kwenye bomba la ekzosi, macho kayafumba. Mzee wa jirani akapita na mbwa, akauliza kwa adabu ya Kiingereza kama kila kitu kiko sawa. Alipoelezwa, akamfunga mbwa kwenye nguzo, akapiga magoti naye. Mtu wa posta alikuta wanaume wawili wanasikiliza makalio ya gari, akaweka barua ukutani na kuondoka bila neno.

"Ssss," alisema mzee. Ikawa hukumu.

Hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ilipotoka, ushahidi ulikuwa wazi. Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imeliwa ukingoni, pengo kama la chapati iliyomegwa na mtoto. Muuaji ni petroli yenyewe. Injini hii ilisanifiwa enzi ya petroli yenye risasi, na risasi ile iliacha utando mwembamba uliolinda siti za valvu. Uingereza iliiondoa kwenye vituo mwanzoni mwa 2000, na Afrika kusini mwa Sahara ikaachana nayo kufikia 2006, jambo la heri kwa watoto wanaovuta hewa ya mijini. Kwa siti za chuma cha kusubu za MGB ulikuwa msiba. Bila utando siti huchakaa, valvu inazama polepole ndani ya hedi, na nafasi ya tepeti inakwisha mpaka valvu haifungi sawasawa. Valvu ya ekzosi hupoa hasa pale inapokaa kwenye siti. Ikikosa kukaa, inaungua. Silinda ya pili na ya tatu hutoa moshi kupitia mlango mmoja wa katikati, kwa hiyo joto la pale si la kawaida.

Hedi ikapelekwa kwa mchongaji: ikasawazishwa uso, ikawekewa siti ngumu za ekzosi na gaidi mpya za valvu. (Gaidi, kwa Kiswahili cha gereji, ni kijibomba kinachoongoza shina la valvu. Neno hilo usilitamke kwa sauti kwenye foleni ya ukaguzi uwanja wa ndege wa Nyerere.)

Kusaga valvu alisaga mwenyewe. Unapaka dawa ya kusagia, unanasa kichwa cha valvu kwa kijiti chenye mpira, kisha unapekecha kati ya viganja kama babu alivyopekecha moto, mpaka ipatikane duara ya kijivu isiyokatika. Valvu nane, Jumapili mbili. Kisha akamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hedi kuona kama yatapenya. Hayakupenya.

Gasketi mpya ilikuwa na maandishi ya kuonyesha upande wa juu. "Maandishi yaangalie mbinguni," alisisitiza fundi kwenye simu. Wakagombana kwenye kukaza. Shemeji alitaka nati zote 11 zikazwe kwa toku spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi futi-paundi 50. Fundi akacheka: "Mimi mkono wangu ndio kipimo, bosi." Kwenye tepeti wakaelewana. Kuna kanuni ya tisa: valvu ya 8 ikifunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, jumla iwe tisa daima. Mhasibu alifurahi kuliko siku ya mahari.

Furaha hiyo ikamponza. Nyaya za plagi alizipanga moja, mbili, tatu, nne, kama daftari la hesabu, wakati injini hii hupiga moto 1-3-4-2. Alipowasha, ikapiga chafya kupitia kabureta, na mbwa wa jirani hakuonekana hadi jioni.

Alipozipanga upya ikaunguruma. Akapima: 165, 165, 160, 165. Akaipiga picha karatasi ya namba, akaituma Gerezani.

Jibu lilikuja usiku wa manane saa za Dar es Salaam. "Safi sana bosi. Ukija Desemba niletee hiyo toku spana. Iwe na boksi lake."