Mpangaji Sebuleni

Televisheni ni ya mwenye nyumba. Umeme analipa yeye, intaneti analipa yeye, hata kitambaa cha kufutia vumbi ni chake. Akitaka tu kuchagua seva ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, ndipo anapogundua kuwa yeye ni mpangaji.

Chromecast, kidude cha Google cha kuchomeka kwenye televisheni, ilitoka mwaka 2013 ikiwa na 8.8.8.8 ndani kwa ndani: seva ya Google hiyohiyo, mtoto kwa mama. Ruta ikielekeza kwingine, kidude kiliitikia naam, kisha kikaenda kwao. Watu wakaifunga njia ya 8.8.8.8, na ya nduguye 8.8.4.4, kwenye ruta. Ndipo adabu ikaja.

Android TV ni mstaarabu zaidi: ruhusa ipo. Sharti mtu aache mipangilio ya otomatiki, aandike mwenyewe anwani ya kifaa, anwani ya ruta, kisha 24 (asiulize kwa nini), ndipo afike kwenye DNS. Yote kwa rimoti. Kulia, kulia, chini, sawa. Nukta imejificha pembeni. Huenda kampuni ya Cloudflare, walipozindua seva yao ya DNS, 1.1.1.1, siku ya Aprili mosi 2018, waliwaonea huruma watu hawa. Kidole kinabaki palepale.

Tarakimu moja ikikosewa, skrini inatangaza kuwa hakuna intaneti. Katuni zimekatika, na fundi wa dakika kumi zilizopita anaulizwa na mama mkwe, kwa upole kabisa, kwani ilikuwa na shida gani mwanzo.