Mhadhara wa Lojiolojia: Namna ya Kuandaa Loji ya Kijani Nchi ya Mbali

Loji rafiki wa mazingira iliyo nje ya gridi ya taifa ni nyumba ya wageni inayojitafutia yenyewe umeme, maji na pa kupeleka uchafu wake, huku ikiwatoza wageni fedha nyingi kwa kuwanyima vitu ambavyo gesti ya Kariakoo hutoa bila kujisifu. Inapojengwa na mtu wa Bremen au Utrecht katika kisiwa kama Mafia, mbali na kila fundi anayemfahamu, huwa jambo zito linalostahili taaluma yake. Taaluma hiyo ni lojiolojia. Mpaka sasa ina mtaalamu mmoja duniani, naye ndiye mwandaaji wa mhadhara huu. Kwamba mtaalamu huyo hajawahi kumiliki loji, wala kulala ndani yake, ni sifa njema kitaaluma, kwani humwepusha na upendeleo.

Chanzo cha loji zote ni likizo. Mgeni hufika Mafia mwezi Januari, kaskazi inavuma taratibu, papa potwe wanaelea mbele ya Kilindoni, samaki changu yuko juu ya makaa. Kufikia machweo mgeni amekwisha kuacha kazi yake kimoyomoyo. Lojiolojia inautambua ugonjwa huu na dawa yake, nayo ni kumrudisha mgonjwa kisiwani mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nguo hazikauki na ukungu umeota ndani ya viatu. Akilitaka shamba hata baada ya hapo, ndipo aruhusiwe kuuliza bei.

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwa mujibu wa sheria mbili za mwaka 1999, Namba 4 ya Ardhi na Namba 5 ya Ardhi ya Vijiji, mgeni hapati ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji haina budi kuhawilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua, na eneo likizidi hekta 250 jambo linapanda hadi kwa Waziri. Kwa hiyo anayelipa fedha taslimu kwa mzee mmoja chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili na dalali mwenye haraka, ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Na hata gunia lenyewe lina utata, maana mila za pwani huweza kutenganisha shamba na miti. Mtu hununua ardhi akagundua kwamba minazi iliyo juu yake ina wenyewe, nao watakuja kuangua nazi asubuhi wageni wakiwa wanakunywa chai barazani.

Baraza hiyo nayo ina mashaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Michoro yote ambayo mtaalamu huyu ameikagua, na ameikagua kwa macho makali, inaonyesha mgeni akichovya vidole vya miguu baharini bila kunyanyuka kitini. Kitaalamu, kiti hicho hakipo.

Katika mkutano wa kijiji mwekezaji huja na kompyuta mpakato na picha za rangi kuhusu uendelevu. Wanakijiji humsikiliza kwa adabu, kisha huuliza mambo yao. Njia ya kwenda pwani itafungwa? Dagaa wataanikwa wapi? Vijana watapata kazi gani, na kwa mkataba upi? Kisima kitakachochimbwa, na sisi tutachota? Maswali hayo ndiyo tathmini kamili ya athari kwa mazingira na jamii, lakini serikali huitaka nyingine pia, nene zaidi, inayopelekwa kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa. Baada ya hapo kuna BRELA ya usajili wa kampuni, TRA ya kodi, Idara ya Kazi, Uhamiaji na Wizara ya Maliasili na Utalii, na kama eneo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, kuna wenye hifadhi na masharti yao. Lojiolojia haishughuliki na foleni.

Kwa anayetaka kujua muda unaohitajika, mfano mwema ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar chenye mnara wa taa uliojengwa 1904. Mjerumani Sibylle Riedmiller aliuanza mradi wake huko 1991, na wageni wakaanza kulala mwishoni mwa muongo huo. Nyumba zenyewe ni saba. Mwekezaji aliyemwahidi mkwewe kwamba atafungua Krismasi, bila kutaja ya mwaka gani, ameonyesha kipaji.

Maji yana hesabu nyepesi kiasi kwamba wataalamu wengi wameona haya kuifundisha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 1,000 hukusanya lita 100,000, na baada ya kuvuja, kufurika na kukauka hubaki kama lita 80,000. Wageni kumi wanaooga kama wako kwao Ulaya, lita 100 kila mmoja kwa siku, watazimaliza kwa siku 80. Hesabu hii imepewa jina la Kanuni Kuu ya Kwanza ya Lojiolojia. Wanawake wa Jibondo, kisiwa cha jirani kilichozoea shida ya maji matamu, wamekuwa wakiijua miaka yote bila kuiandikia hakimiliki. Kuchimba kisima karibu na bahari si njia ya mkato. Maji matamu chini ya kisiwa hukaa juu ya maji ya chumvi, na pampu yenye pupa huyavuta yale ya chini, baada ya hapo kisima huwa cha chumvi kwa mwekezaji na kwa kijiji kizima. Lililobaki ni kuchuja maji ya mvua, kwa kuwa yanayotiririka juu ya makuti hutoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Umeme wa jua huanza na kosa la dira. Kwao mwekezaji paneli huelekezwa kusini, naye huja na desturi hiyo bila kuitilia shaka. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Paneli zielekee huko, zikiinama kidogo tu ili mvua izioshe. Kisha hufuata mjadala wa mashine ya kukaushia nywele. Mashine ya wati 1,800 ikitumika kwa dakika kumi hula wati-saa 300, umeme unaotosha kuwasha taa ya LED ya wati 6 kwa saa 50. Wageni wawili wenye nywele ndefu wanaweza kulaza loji nzima gizani, na betri za asidi zilizotumika kupita nusu ya uwezo wake kila usiku hufa mapema kuliko mkopo uliozinunua. Kila loji ya kijani ina jenereta nyuma ya jiko, imefunikwa turubai. Haitajwi kwenye tangazo, na mhadhara huu pia haujaiona.

Hata hivyo, moyo wa loji ni choo. Choo cha mboji hakitumii maji. Kinyesi huangukia chumba cha chini, huchanganywa na vumbi la mbao, majani makavu au makumbi yaliyosagwa, na bomba refu lililopakwa rangi nyeusi hupashwa joto na jua ili livute hewa juu. Mfumo maarufu wa aina hii, Clivus Multrum, ulibuniwa na Mswidi Rikard Lindström mwaka 1939. Vijidudu vinavyofanya kazi huko chini hupenda kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni, pamoja na hewa ya kutosha. Vikipata hayo, choo hakinuki. Vikizamishwa, vile vinavyoishi bila hewa hushika madaraka, na wageni wote hujua.

Hapa ndipo lojiolojia inapowashinda wahandisi wa kaskazini. Lindström hakuwa na jirani Mwislamu wa Mafia. Mpishi, mlinzi, nahodha na mama anayefua mashuka hutawadha kwa maji, na wageni wa Dar es Salaam wanaokuja wikendi nao hufika na desturi hiyohiyo. Mwekezaji huweka kibao kinachokataza maji chooni, halafu hushangaa kopo limetoka wapi. Kukataza ni kazi bure. Kinachohitajika ni sehemu ya pembeni ya kujisafishia, yenye mkondo wake unaoelekea kwenye migomba, na dawa imepatikana kwa gharama ya bomba moja na ndizi za chakula cha jioni. Mtaalamu anadai ugunduzi huu ni wake. Mafundi wa vyoo wa kisiwani wamekataa kutoa maoni.

Ujenzi umejaa mitego ya wenye nia njema. Mwekezaji hukataa saruji kwa sababu ya hewa ukaa, akachagua chokaa ya asili. Chokaa hiyo huenda ilichomwa kutoka kwenye matumbawe, kwa kuni zilizotoka kwenye mikoko, yaani vitu viwili alivyokuja kuvilinda. Boriti nazo ni mikoko, na kuzikata kunahitaji kibali. Mbao za minazi mizee iliyoacha kuzaa ni chaguo lenye unafuu zaidi, mradi wenye minazi wameulizwa. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi, basi inunuliwe isiyoshika kutu. Taa za upande wa bahari ziwe hafifu na zielekee chini, kwa sababu vifaranga vya kasa vinapoanguliwa hufuata mwanga, na mwanga wa baa huvipeleka jikoni badala ya baharini.

Kuhusu paa, uchumi wa kisiwa una mzunguko wake mzuri. Mwekezaji hung'oa bati na kuweka makuti ili mgeni aone Afrika. Makuti hayo huuzwa na jirani, ambaye kwa fedha hizo hununua bati. Baada ya miaka michache makuti huoza na huhitaji kubadilishwa, bati la jirani bado zima, na biashara huendelea.

Chakula ni samaki.

Linabaki jambo la ndege. Mgeni mmoja akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam na kurudi, sehemu yake ya hewa ukaa huzidi tani moja, na hakuna choo cha mboji kitakachoirudisha. Baada ya kulitafakari kwa kina, lojiolojia inashauri mgeni akae siku nyingi badala ya chache, awalipe watu wa kisiwa vizuri, na vipeperushi visitumie sifuri mahali popote isipokuwa kwenye bei.

Wenye maswali wayawasilishe kwa maandishi, pamoja na ada. Maswali ya choo hulipiwa mara mbili.