Namna ya Kukifuga Kiingereza Bila Kung'atwa

Kiingereza ni mnyama anayefugika, na mwongozo huu ni wa kila aliyewahi kufunga mdomo darasani au kwenye usaili wa kazi kwa kuyaogopa meno yake. Wa kwanza kuuhitaji ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na sasa anakuta jiografia na fizikia zimegeuka Kiingereza.

Mahitaji: daftari, penseli na Kiswahili chako chote. Usikiache nyumbani.

Hatua ya 1: Tenga kukopa na kukopesha. Je, ni "borrow" au "lend"? Kinachotuchanganya ni kitenzi kuazima, kinachomhudumia mwenye kalamu na anayeitaka pia. Kiweke kando. Anayekopa ndiye wa "borrow", anayekopesha ndiye wa "lend". Ukisema "borrow me your pen", umemwagiza mwenye kalamu aikope kalamu yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Itafute "the" ndani ya kitenzi. Tumeaminishwa kwamba Kiswahili hakina cha kutusaidia hapa, basi tunakariri. Hebu linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ukisikia ya kwanza, hujui ni kitabu kipi. Ukisikia ya pili, ile ki- ya katikati inakuambia ni kile tunachokijua sote. Ya kwanza ni "a book", ya pili ni "the book". Kwa hiyo kabla ya kuandika, iseme sentensi kwa Kiswahili na usikilize kama kitenzi kinadai kiambishi hicho. Kwa watu kipimo hiki hakifai, maana husema "nimemwona mtu" hata kama humjui. Kwa vitu, kitakuvusha mara nyingi.

Hatua ya 3: Jibu hali ilivyo. Ukiulizwa "Hujala?" nawe una njaa, Kiswahili kinakuruhusu kuitikia "ndiyo", kwa kuwa unakubaliana na muulizaji. Kiingereza hakijali makubaliano, kinatazama sahani. Kama hujala, jibu ni "no", swali liulizwe vyovyote. Mwenye njaa akijibu "yes", ugali utampita.

Hatua ya 4: Ukiitaja jana, iache "have". "Nimemwona jana" inapita mtaani bila pingamizi, lakini "I have seen him yesterday" haipiti. Wakati uliokwisha ukitajwa, uwe jana au 1964, Kiingereza kinadai -li- yake: "I saw him yesterday".

Hatua ya 5: Usitetemeshwe na sheria za mtu mmoja. Watakukemea kwa kumaliza sentensi na kihusishi, kama katika "Who are you talking to?" Lawama hiyo aliitoa mshairi John Dryden mwaka 1672, Waingereza walikuwa wakisema hivyo kabla yake, na hawajaacha hadi leo. Kutenga "less" na "fewer" kulianza kama pendekezo la Robert Baker mwaka 1770. Nayo "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana kama ni mwanamume au mwanamke imo katika maandishi tangu karne ya 14, na ni zawadi kwetu tuliozoea yeye mmoja kwa wote. Zijue sheria hizi kwa ajili ya mtihani, kisha ulale usingizi wako. Nguvu zipeleke kwenye makosa yanayopotosha maana, kama yale ya kalamu na ugali.

Hatua ya 6: Uliza kwa sauti. Mwiko mkuu wa mwongozo huu ni kumcheka aliyekosea. Kicheko kimoja darasani kinaweza kumnyamazisha mtoto hadi kidato cha nne, na aliyenyamaza hana atakayemsahihisha. Mwalimu, msifu kwanza kwa kuthubutu, ndipo umrekebishe. Mwanafunzi, ukionyeshwa kosa, dai na sababu yake, kwa maana kosa ulilolielewa halikurudii kirahisi. Ukishaipata sababu, irudie sentensi yako papo hapo mbele ya wote, safari hii kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo.